Shemeji Kalume na Rejeta ya Mama Hadjara

Shemeji yangu Kalume ana mwendo wa aina mbili: mmoja wa siku ambazo ufunguo wa gari uko mfukoni mwake, na mwingine wa siku ambazo haupo. Yote miwili naijua, kwa sababu tunaishi lupango moja, yaani ua mmoja, hapa Rumonge, mtaa wa Waswahili. Nyumba yake na dada yangu Mariyamu imeelekea barabara, chumba changu kiko nyuma karibu na jiko, na katikati kuna uwanja wa udongo ambao mimi ndiye ninayeufagia na kila mtu mwingine ndiye anayeuchafua. Kwa kuwa ni mume wa dada yangu, nina haki ya kumtania, na haki hiyo sijawahi kuiacha ilale.

Babu yake alivuka ziwa kutoka upande wa Kongo enzi za Wabeleji, akafungua kazi ya cherehani hapa. Baba yake akairithi cherehani. Kalume akaikataa. Alitaka usukani, na usukani ameushika tangu ndevu zake zinaanza kuota mpaka sasa ambapo nyingi ni nyeupe. Gari si lake. Ni la Mama Hadjara, mfanyabiashara anayenunua ndagala na mikeke kwa wavuvi wa Magara, anakusanya mawese Minago, na kuvipeleka vyote Bujumbura. Kazi ya Kalume ni kuvifikisha. Gari lenyewe ni la zamani, jeupe, refu nyuma, na harufu ya samaki imeingia mpaka kwenye vitambaa vya viti.

Kila alfajiri, kabla hajawasha, Kalume hufungua boneti. Huchomoa kijiti cha kupimia oili, hukifuta kwa kitambaa, hukirudisha, hukichomoa tena. Kisha hutazama maji. Kitambaa kile Mariyamu hukifua peke yake na kukikunja kama leso ya bwana harusi.

"Shemeji," nilimwambia siku moja, "dada yangu hujamwangalia hivyo tangu ndoa."

"Dada yako hapandi joto ovyo," akajibu bila kuinua kichwa. "Wewe ndiyo ungefunguliwa boneti kila asubuhi."

Ndivyo tulivyokuwa tunaishi, kwa amani.

Ni lazima mjue jambo moja kuhusu barabara hii inayofuata ziwa kutoka Bujumbura kushuka Nyanza-Lac. Mwenye gari hapa hatafuti dereva kwa vyeti. Anakwenda parking, pale magari yanapongojea abiria na mizigo, anawauliza madereva waliokaa kwenye benchi: fulani yukoje? Wakisema anajali gari, anapewa ufunguo siku hiyo hiyo. Wakisema aliwahi kuunguza injini ya mtu, basi, akauze karanga. Jina la Kalume kwenye benchi lile lilikuwa safi. Yeye mwenyewe alilijua hilo, na nafikiri alilipenda kupita kiasi, lakini mtu asiye na shamba wala duka apende nini?

Rejeta ya gari ilikuwa inavuja. Rejeta, au radiyateri kama tunavyoiita huku, ndiyo lile sanduku jembamba la mbele linalopooza maji ya injini. Ilikuwa imeoza kwa chini na ilidondosha maji polepole. Kalume alimwambia Mama Hadjara. Mama Hadjara akasema baada ya Ramadhani. Ramadhani ikapita, akasema baada ya msimu wa ndagala. Mama huyu si mbaya, ila senti haimtoki mpaka kitu kife kabisa. Kwa hiyo Kalume akawa anatembea na bidoni la maji, dumu la plastiki, nyuma ya gari, na popote aliposimama aliongeza.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali, mwisho wa kiangazi. Kalume alishusha samaki Bujumbura, akageuza, na alipokaribia Magara mshale wa joto ukaanza kupanda. Anasema alisimama palepale, na mimi namwamini. Alikaa kando ya barabara mpaka injini ikapoa, akafungua kifuniko cha rejeta, na juu ya maji akaona mafuta. Lori lililobeba mikungu ya michikichi likamvuta mpaka Rumonge.

Fundi wa gereji alichovya kidole kwenye rejeta, akakisugua na dole gumba, akajifuta kwenye suruali.

"Iko mafuta mu maji," akasema. "Ni joint de culasse. Mutu anaendesha moteur inachemka, joint inaungua, huile inapita. Hapa hakuna dawa. Moteur imekwisha."

Kwa lugha ya watu wa kawaida: kati ya kichwa cha injini na tumbo lake kuna karatasi ngumu inayotenga oili na maji. Injini ikichemshwa sana, karatasi ile huungua, na vile viwili vikakutana. Na anayechemsha injini ni dereva. Fundi hakumtaja mtu, lakini hakukuwa na haja.

Mama Hadjara hakwenda gereji. Alimfuata Kalume parking, mbele ya benchi lote, mbele ya wauza ndizi na wapakia mizigo. Mimi nilikuwapo, nilikuwa nimepeleka vitumbua.

"Kalume, leta ufunguo."

"Mama, wallahi, hii gari sijaiendesha ikiwa na moto hata siku moja," Kalume akasema. "Sijaifanyia kitu kibaya hata kimoja."

"Sasa ile mafuta ilitembea kwa miguu ikaingia mu maji?"

Kalume alitoa ufunguo. Benchi lote lilikuwa linatazama chini, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Wangemcheka ingekuwa nafuu.

Akarudi nyumbani na ule mwendo wake wa pili, mabega mbele, mikono haijui pa kwenda. Mariyamu alimwekea ugali na sombe, yale majani ya muhogo, hakugusa. Dada yangu si mtu wa maneno mengi, lakini nilimwona anapanga vyombo ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Wote watatu tulijua kinachofuata. Mama Hadjara angetafuta dereva mwingine kwa gari lingine, na hakuna mwenye gari kati ya hapa na Bujumbura ambaye angempa Kalume hata baiskeli.

Kesho yake aliamka, akavaa kofia, akaenda kwa Mama Hadjara. Alimwomba kitu kimoja: kabla gari halijauzwa chuma chakavu, alilete kwake nyumbani alibadilishe rejeta kwa mikono yake. Kama injini imekufa kweli, ataiona imekufa kwa macho yake, naye atanyamaza. Mama Hadjara tayari alikuwa ameongea na mtu anayenunua magari ya kuvunjavunja. Akafikiri, akaona hapotezi kitu.

"Ijumaa ule mutu anakuja," akamwambia. Akampa ufunguo kama unavyomwazima jirani kisu chako kizuri.

Vijana wa parking wakalisukuma gari mpaka kwetu. Likaingia uwanjani kwangu, likakaa juu ya sehemu niliyokuwa nimetoka kuifagia.

Rejeta nyingine alipewa na Abdoulkarim, jirani yetu, mwenye gari la aina hiyohiyo lililokufa zamani likabaki juu ya mawe nyuma ya nyumba. Kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Kalume alipomwomba, Abdoulkarim alisema, "Chukua tu, lakini uwaombe ruhusa kuku, ndo wenye gari sasa." Kalume aliifungua kwa uangalifu, akaijaza maji, akaikalisha juu ya karatasi kavu kuangalia kama inatoa jasho. Haikutoa.

Basi kazi ikaanza, na kazi yenyewe si ya ajabu kama wanaume wanavyoifanya ionekane. Kwanza unangoja injini ipoe kabisa, kwa sababu kifuniko cha rejeta ya moto kinaweza kukuchubua uso. Kisha unalala chini ya gari na kufungua kile kibomba cha chini ili maji yatoke. Na maji yakitoka lazima yaingie kwenye kitu. Nikageuka kutia mkaa, niliporudi beseni langu la kuoshea mchele lilikuwa chini ya gari.

"Shemeji!"

"Nitakununulia lingine."

"Kwa ufunguo upi?"

Nilijuta neno lile kabla halijatua. Kalume aliendelea kulala chini ya gari akiangalia maji machafu, ya rangi ya kutu, yanavyodondokea kwenye beseni langu. Mariyamu akanitazama jicho moja tu na mimi nikaenda kukuna nazi ambayo hakuna aliyeiomba.

Alifungua mipira miwili ya maji, wa juu na wa chini, iliyogandia kama imezaliwa hapo. Alitoa feni na nyaya zake, akakumbuka kila waya ulikokuwa kwa kuufunga kipande cha kanga ya zamani ya Mariyamu. Mwishoni akafungua boliti na kuinyanyua rejeta nje. Ilikuwa nzito kwa uchafu. Aliiegemeza ukutani, akalisogeza beseni pembeni akafunika na bati kuku wasinywe, na jua likawa limekwisha.

Asubuhi nilikwenda kuchukua beseni langu. Nilikuwa nimejiandaa vizuri kwa maneno, nimeyapanga tangu kitandani. Nikaondoa bati. Juu ya yale maji palikuwa na utando umeganda, mzito, na rangi yake ilikuwa ya machungwa.

Nikauchota kwa kidole. Nikaunusa. Mimi nimezaliwa Rumonge. Mawese nimeyapika, nimeyauza, nimepakwa utotoni nilipougua surua. Nikachukua kibonge nikakitupa juu ya mkaa uliokuwa umeshika moto, na uwanja mzima ukanukia kama sufuria ya maharage.

"Shemeji Kalume," nikaita, "njoo uone gari lako lilichokula."

Alikuja akiwa na mswaki mdomoni. Akanusa. Akachota, akasugua vidole. Akaenda kwenye injini, akachomoa kile kijiti cha oili, akakitazama juani upande huu na upande ule. Oili ya injini ilikuwa nyeusi, safi, haina hata tone la maji. Kama ile karatasi ya ndani ingekuwa imeungua, oili ingekuwa nyeupe kama maziwa. Akakirudisha kijiti mahali pake polepole sana.

"Ni mawese," akasema. "Moteur haikufa. Ni mawese tu."

Akakaa chini pale pale kwenye udongo na mswaki wake, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mariyamu alitoka ndani akidhani ameingiwa na wazimu. Na mimi nikafanya ambacho mtu yeyote mwenye mdomo angefanya. Nilikwenda ukutani nikamwambia jirani wa kulia, nikaenda nikamwambia jirani wa kushoto, na nilipokwenda kuuza vitumbua niliwaambia wateja. Gereji imesema injini imekufa, kumbe ni mawese ndani ya rejeta. Niache kusema, kwa nini?

Siku ile ilikuwa ya furaha kwetu. Mariyamu alichemsha maji sufuria baada ya sufuria. Kalume akayeyusha sabuni ndani yake, akaifunga kwa muda ile rejeta ya zamani, akaosha njia zote za injini: anajaza, anawasha kidogo, anazima, anangoja, anamwaga, anajaza tena. Sabuni yenyewe ni ya hapa hapa, ya mawese, kwa hiyo alikuwa anafukuza mawese kwa mawese, na nilimwambia hivyo mara nyingi kuliko alivyotaka. Maji yalitoka ya machungwa, yakatoka ya kijivu, mwishoni yakatoka meupe. Akaitoa, akaifunga rejeta ya Abdoulkarim, akarudisha mipira na vibanio vyake, feni, nyaya zenye vipande vya kanga. Akajaza maji yaliyochemshwa na kupozwa, polepole, akiukamua mpira wa juu kwa mkono ili hewa itoke. Kisha akawasha na kuacha kifuniko wazi.

Tulisimama sote tunatazama tundu la maji. Mapovu yakapanda, maji yakashuka, akaongeza. Yakapanda tena, akaongeza. Mpira wa juu ukapata moto, akatushikisha kila mmoja ausikie. Halafu feni ikazunguka yenyewe, ikatupulizia vumbi usoni, ikanyamaza. Mshale wa joto ukasimama katikati na haukutikisika. Abdoulkarim, ambaye alikuja kuangalia hatima ya rejeta yake, alisema alhamdulillahi na kuanza kumpigia simu kila mtu.

Ni Mariyamu aliyeuliza. Alikuwa anakausha mikono kwa kitenge, akauliza kwa sauti yake ya chini: "Na mawese yaliingia namna gani?"

Nilikuwa nimeshaanza kujibu, nadhani ningesema wivu wa watu, lakini nikamwona Kalume. Uso ulimbadilika. Alikwenda nyuma ya gari, akafungua, akatoa lile bidoni lake la maji. Akalimimina kidogo kwenye kikombe. Maji meupe, safi. Hakuridhika. Akaliweka ukutani penye jua, akaenda kuswali adhuhuri. Aliporudi bidoni lilikuwa la moto. Akamimina tena, na juu ya kikombe yakaelea macho mekundu ya mafuta.

Alikaa juu ya jiwe la kufulia, akatueleza.

Bidoni lake la zamani lilikandamizwa na mzigo likapasuka, siku alipokuwa anapakia Minago. Mama mmoja anayeuza mawese kando ya barabara akampa lingine bure, tupu. Kalume akatia mchanga na maji ya ziwa, akalitikisa, akalisuuza, likaonekana safi. Sisi watu wa hapa ndivyo tulivyo. Bidoni zetu zote za njano zimewahi kubeba mawese, na bidoni likishaacha kutiririka tunasema ni safi, tunachotea maji, tunakunywa. Lakini mawese yaliyobaki yalikuwa yameganda chini na kwenye pembe. Alfajiri kuna baridi, Kalume anamimina, yanatoka maji matupu, naye anayaona kwa macho yake na kuridhika. Na ndani ya rejeta, maji yalikuwa yamevuja usiku kucha yakashuka mbali na mdomo, mawese yakagandia huko chini asikoona. Mchana, bidoni limepikwa na jua nyuma ya gari, mawese yanayeyuka, yanapanda juu, yanakuwa ya kwanza kutoka. Na mchana yeye alikuwa anamimina kwa haraka, kando ya barabara, magari yanapita.

"Ni mimi," akasema. "Nimeinywesha mimi mwenyewe. Kwa wiki nzima."

Mimi nikasogea mbele yake.

"Shemeji, nisikilize vizuri. Gari linawaka. Rejeta mpya umeitafuta wewe. Fundi alikosea, kila mtu sasa anajua alikosea. Hakuna aliyekuuliza habari za bidoni. Rudisha gari, kamata kazi yako."

"Niliapa, Asma."

"Uliapa hujaliendesha likiwa na moto. Si kweli?"

"Niliapa sijaifanyia kitu kibaya hata kimoja."

"Hukujua!"

"Sasa najua," akasema.

Nilimkasirikia sana. Niliona mtu anayetaka kuitupa riziki ya dada yangu kwa sababu ya neno lililomtoka mbele ya wauza ndizi. Ningeendelea, maneno yalikuwepo, lakini geti likagongwa.

Alikuwa Mama Hadjara. Maneno yangu ya asubuhi yalikuwa yameshafika sokoni, yakazunguka, yakamrudia yakiwa makubwa zaidi. Hakuja peke yake. Nyuma yake alikuja Revokatus, kijana wa Minago mwenye mke na watoto, ambaye kazi yake ni kujaza na kupakia bidoni za mawese kwenye ghala la mama huyo. Alisimama getini, kofia mkononi, hajui aingie au abaki nje.

Kalume alimsalimia mama, akawasha gari, akamwonyesha mshale. Mama Hadjara alitazama, akasikiliza injini, akashika mpira wa maji, uso ukamfunguka. Kalume akazima, akamnyooshea ufunguo.

"Apana, baki nao," Mama Hadjara akasema. "Shofere wangu ni wewe. Mimi nilichukua neno ya gereji. Sasa mwenye makosa nimemujua." Akageuka kwa Revokatus. "Huyu. Juzi tuligombana kwa kazi, akanuna. Nani mwingine anashika mawese kwangu? Ametia mu gari yangu kwa roho mbaya. Leo anaondoka, na kila mutu wa Rumonge atajua."

"Mama, mimi hata kapo, hii boneti, kufungua sijui," Revokatus akasema. "Kwa Mungu, sijui iko wapi."

"Nyamaza."

Nilimwangalia Revokatus. Mikono yake ilikuwa ya machungwa mpaka viwikoni, kama ilivyo mikono ya kila mtu wa kazi ile, na aliificha nyuma. Nilimhurumia, nisiseme uongo. Lakini nilimhurumia zaidi Mariyamu. Nikasogea karibu na shemeji yangu nikamkanyaga mguu, kwa uzito wangu wote, na mimi si mwepesi. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake. Alichotakiwa kufanya ni kuuingiza mfukoni.

"Mama Hadjara," Kalume akasema, "muache huyu. Ni mimi."

Akamweleza yote: Minago, bidoni, mchanga, alfajiri na mchana. Akamletea kikombe. Hakujitetea hata kwa kusema kwamba rejeta ilikuwa inavuja kwa miezi na nani alikataa kuinunua. Hilo nililisema mimi, na hakuna aliyenisikiliza. Alipomaliza akauweka ufunguo juu ya boneti, mbele ya mwenyewe.

Mama Hadjara alikitazama kikombe. Akamtazama Revokatus, halafu akaacha kumtazama.

"Kule parking uliapa mbele ya batu," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Basi twende ukaseme mbele ya batu."

Akauchukua ufunguo. Tukatoka: yeye mbele, Kalume nyuma yake na ule mwendo wake wa mabega, Revokatus mbali kidogo, mimi na Mariyamu mwisho. Mariyamu alikuwa ameshika mkono wangu kama tunakwenda kumzika mtu.

Benchi lilikuwa limejaa. Fundi wa gereji naye alikuwepo, anakula ndizi. Kalume alivua kofia.

"Ile siku niliwaambia sijafanya gari kitu kibaya," akasema. "Nilikosea. Moteur iko muzima, lakini mafuta mu radiyateri niliyatia mimi. Ilikuwa mu bidoni yangu ya maji. Ni mawese. Hakuna mutu mwingine alishika."

Mmoja akaanza kucheka, na benchi lote likafuata. Walicheka mpaka mwingine akateleza akaanguka chini. "Kesho utie na kitunguu!" "Gari ya Mama Hadjara inakula vizuri kuliko mimi!" Fundi wa gereji ndiye aliyecheka kuliko wote, maana kicheko kile kilikuwa kinafuta na kosa lake yeye. Mtu mmoja, sijui nani, akasema, "Karibu, Bwana Mawese," na nikasikia jina lile linavyokaa mahali pake. Kalume alisimama na kofia mkononi mpaka walipochoka.

Ndipo Mama Hadjara alipomwendea akampa ufunguo, mbele ya watu walewale.

"Alfajiri, Magara," akasema. "Na ununue bidoni mupya."

Msamaha kwa Kalume hakuomba, kwa Revokatus hakuomba, asante ya rejeta hatukuisikia mpaka leo. Nilitaka kumkumbusha papo hapo, Mariyamu akanishika kitenge. Tuliporudi nyumbani nilimwambia shemeji yangu kwamba ni mjinga, nikampakulia chakula cha kwanza, nyama nyingi, na alijua maana yake.

Lile jina halikuondoka. Mmiliki wa gari akiuliza leo kuhusu dereva wa Mama Hadjara, benchi linasema, "Nani, Mawese?" na kucheka kwanza kabla ya kujibu. Wavuvi wa Magara wanamwita Mawese. Akina mama wa Minago wanampigia kelele hilo jina akipita. Imamu mwenyewe aliwahi kujisahau. Mara ya kwanza alipoitwa hivyo barabarani, Mariyamu alikuwa getini, akamwona mumewe anageuka na kuitikia. Alirudi ndani akalia. Mtu aliyekuwa na jina safi kuliko wote kwenye barabara hii, sasa anaitikia jina la kosa lake, na anaitikia vizuri, anainua mkono. Mimi mwenyewe namtania kwa mambo yote, lakini kwa hilo nimeshindwa kufungua mdomo.

Yuko mmoja ambaye hamwiti hivyo. Alfajiri, mbele ya ghala, madereva na wapakiaji wakiwa wamejaa na kila mmoja anapaza sauti, Revokatus hupakia bidoni zake, hufunga mlango wa nyuma, huja mpaka dirishani kwa dereva. Hapo humtakia amani kwa nguvu, wote wasikie: "Amahoro, Mzee Kalume." Kisha husimama pale na mikono yake ya machungwa, hasogei, mpaka aitikiwe.